Sura ya Nne: Nusu za Mishumaa

"Vitabu havitoki humu ndani," katibu wa parokia alisema kabla Sajini hajamaliza kuvuka kizingiti. "Hata padri akitaka kuvisoma, anakuja kukaa hapo hapo."

"Sijaja kuvitoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, afande. Basi kaa. Ila hicho kiti kina mguu mmoja unaoringa, usiegemee kushoto."

Sajini akaegemea kulia. Suruali yake ilikuwa bado mbichi kwa maji yaliyorushwa na boti njia nzima. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa: meza, kabati la chuma lenye kufuli mbili, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeona haja ya kuishusha, na dirisha moja lililotazama gati. Kupitia dirisha hilo aliiona boti iliyomleta ikipakuliwa saruji. Saruji ikiisha ingepakia abiria na kurudi bara alasiri hiyo hiyo, na baada ya hapo gati lingebaki tupu hadi wiki ijayo.

"Haya," katibu alisema, akivaa miwani iliyofungwa uzi mahali pa mkono mmoja. "Nani kaua nani?"

"Hakuna aliyeua mtu."

"Sasa polisi wanatafuta nini kwenye vitabu vya Mungu?"

"Ndugu."

Alimweleza kwa ufupi. Bibi mmoja alikuwa amepanga chumba cha uani huko mjini kwa miaka mingi. Aliishi peke yake, akaugua peke yake, na jirani alipomfikisha hospitali ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito. Alipokufa, hakuna aliyekuja. Kitambulisho hakikuonekana. Jirani alijua jina lake moja tu, la ubatizo, basi hospitali ikaandika hilo na kuweka kistari mahali pa jina la baba. Kesho asubuhi gari la manispaa lingepita mochwari kumchukua, na angezikwa kule nyuma ya makaburi, ambako vibao vina namba badala ya majina.

"Na mtu kama huyo anazikwa na nani?"

"Dereva wa gari, wachimba kaburi, na mimi."

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni wa kujaza fomu, mzee."

Hakumwambia kwamba kituoni walishamtungia jina kwa sababu ya kazi hiyo. Walimwita Ndugu wa Marehemu, hata kwenye foleni ya chai, na yeye aliitika.

Alifungua mkoba, akaweka mezani vitu viwili vilivyokutwa chini ya kitanda cha bibi. Cha kwanza kilikuwa kopo la bati, la kuhifadhia mishumaa ya kanisa, na mhuri wa parokia hii ulikuwa bado unasomeka juu ya kifuniko. Mhuri huo ndio uliomleta kisiwani. Ndani ya kopo mlijaa vipande vya mishumaa, vyeupe vilivyokwisha kugeuka manjano, vyote vimevunjika upande mmoja.

"Vya kuwashia umeme ukikatika," katibu alisema.

"Nilifikiri hivyo. Lakini tazama. Tambi nyingi ni safi. Hakuwahi kuviwasha."

"Mbahili."

"Labda."

Cha pili kilikuwa glasi nyembamba, ndefu, iliyochorwa mistari na namba kutoka chini hadi juu. Sajini alikuwa ameshaizungusha kwenye maduka yote ya dawa ya mtaa ule, akidhani bibi aliwahi kupima dawa za maji. Wenye maduka waliitazama, wakamtazama yeye, wakatikisa kichwa.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Jirani anasema bibi alikuwa akirudia rudia kwamba ana watoto wengi visiwani. Daktari aliyemkagua anasema hajawahi kuzaa."

Katibu akavuta pumzi. "Upweke, afande. Mtu akikaa sana peke yake, huzaa watoto kwa mdomo." Alikuwa anatazama nje aliposema hivyo. "Mimi mwenyewe ni wa kuja. Parokia ilinileta kuandika vitabu, na tangu nije sijaandika hata jina la binamu yangu. Kisiwa hiki wote ni ndugu, isipokuwa mimi na mbuzi wa padri."

Akafungua kufuli mbili.

Vitabu vya ubatizo vilikuwa vikubwa kuliko alivyotarajia, vyenye majalada ya kitambaa kilicholiwa na wadudu pembeni. Kila mstari ulikuwa mtoto mmoja: jina lake, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, baba, mama, msimamizi, sahihi ya padri. Pembeni kabisa palikuwa na nafasi nyembamba, na hapo ndipo kanisa lilipoandika baadaye kama mtu huyo amefunga ndoa, au amekufa. Mtu mzima mzima katika mstari mmoja.

Jina la marehemu lilikuwa adimu. Lilikuwa la mtakatifu ambaye katibu mwenyewe alikiri hajui siku yake wala alifia nini. Hilo lilimpa Sajini moyo. Jina la kawaida lingemtupa mbele ya wanawake wasiohesabika, lakini hili, likiwemo, lingekuwemo mara moja.

Alianza na kitabu cha zamani zaidi kinachoweza kumhusu. Daktari alikisia bibi alikuwa na miaka themanini na kitu. Sajini aliweka kidole kwenye safu ya majina ya watoto akashuka nayo, ukurasa baada ya ukurasa, bila kutazama kushoto wala kulia. Kitabu cha kwanza kikaisha. Katibu akamletea maji, akarudi kukaa, akawa anamtazama kama mtu aliyenyimwa mazungumzo kwa muda mrefu na sasa hajui aanzie wapi.

"Unakula wapi leo?" aliuliza hatimaye.

"Nimebeba mkate."

"Mimi pia nina mkate."

Kidole kiliendelea kushuka, na katikati ya kitabu cha pili kikasimama.

"Huyu hapa."

Katibu akainuka haraka hata kiti kikaanguka. Mstari ulikuwa wazi. Jina lile adimu, lenyewe. Mtoto wa kike. Baba na mama wote wa kisiwani. Tarehe ya ubatizo ipo, ya kuzaliwa haipo. Nafasi ya pembeni ilikuwa tupu: hakuolewa, wala hakuna aliyeandika kwamba amekufa.

"Mwaka huu wa ubatizo unampa kama miaka sitini hivi," Sajini alisema. "Daktari anasema amezidi hapo sana."

"Kwani alibatizwa mchanga? Zamani padri mmoja alikuwa anazunguka visiwa vyote kwa boti. Maji yakichafuka, hafiki. Nimeambiwa wapo waliobatizwa wakiwa na ndevu, wakamjibu padri wenyewe."

Basi msichana mkubwa, anayemjibu padri mwenyewe. Hesabu ikakaa sawa. Hakuolewa, ndiyo sababu pembeni hapana ndoa. Aliondoka, ndiyo sababu pembeni hapana kifo. Sajini aliandika kwenye daftari lake na kupiga mstari chini.

"Na hivi vistari viwili, hapa kwenye msimamizi?"

"Maana yake vilevile. Kama wa juu."

"Wa juu naye ana vistari."

"Basi kama wa juu yake. Padri huyo alikuwa mchoyo wa wino." Katibu akacheka, Sajini naye akacheka kidogo, kisha akahamia kwenye majina ya wazazi, kwa sababu wazazi ndio wenye watoto, na watoto wa wazazi hao ndio ndugu aliokuwa akiwatafuta.

"Ukoo huo nyumba yao ni ile ya bati la kijani, ukishapita pampu ya maji," katibu alisema. "Nani yumo, sijui. Mimi hupita, nasalimia, wanaitikia, yanaisha."

*

Kabla ya kugonga mlango wa bati la kijani, Sajini alisimama akajipanga. Kuna namna ya kupeleka msiba. Kwanza unaomba kukaa, kwa sababu aliyekaa huipokea habari polepole. Pili unataja jina mara moja tu. Tatu unanyamaza.

Ndani cherehani ilikuwa inakwenda mbio.

"Hodi."

"Karibu, sukuma, mlango una kiburi."

Fundi cherehani alikuwa mwanamke wa makamo aliyezidi kidogo, futi ya kupimia shingoni, pini zimepangwa mdomoni. Chumba kilijaa sare za shule zilizokatwa, bado hazina mikono. Palikuwa na kiti kimoja cha mteja, sufuria moja jikoni, kikombe kimoja kimefunikwa kichwa chini.

"Mama, nimeleta habari ya msiba. Naomba nikae."

Mwanamke alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Sajini akakaa, akasema aliyotakiwa kusema: kwamba yeye ni polisi kutoka mjini, kwamba kuna mtu wa nyumba hii amefariki huko, na kwamba anaitwa hivi, binti wa fulani na fulani, kama kitabu kinavyosema. Kisha akanyamaza.

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Kafa lini?"

"Wiki iliyopita."

"Kafia wapi?"

"Hospitali. Jirani alimpeleka."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Moyo."

"Masikini." Fundi alijigusa kifua. "Na mimi wangu unadunda vizuri tu. Mwanangu, huyo uliyemtaja ni mimi."

Sajini alifungua daftari. Akalifunga. Akalifungua tena.

"Usihangaike, maandishi yako ni mazuri," fundi alisema. "Ila unataka kunizika mapema, na sare hizi shule inazingoja."

"Samahani, mama. Naomba radhi sana. Labda una dada, au shangazi, mwenye jina hili?"

"Jina hili hapa kisiwani ninalo mimi peke yangu. Nimelibeba toka mdogo. Shuleni walinicheka mpaka mwalimu akachoka kuwazuia."

"Ulibatizwa ukiwa na umri gani?"

"Mchanga kabisa. Mama alisimulia nililia mpaka padri akakosea maneno, akaanza upya."

"Kitabu hakina tarehe yako ya kuzaliwa."

"Angeuliza saa ngapi na boti inampigia honi?"

Hapo hesabu yote ya asubuhi ilimwagika. Sajini alitazama dirishani. Saruji ilikuwa karibu kuisha. Mabaharia walikuwa wamebakiza mzigo wa mwisho na wanatania kwa sauti. Angeweza kuaga, akapanda boti, akajaza fomu kwamba jitihada zimefanyika. Zilikuwa zimefanyika kweli. Badala yake aliuliza swali ambalo alipaswa kuuliza kwanza.

"Nani alikupa jina gumu hivi?"

"Msimamizi wangu. Ni lake. Yule ni somo yangu."

Kalamu ikasimama.

"Yuko wapi?"

"Alirudi kwao, zamani."

"Kwao wapi?"

"Bara." Fundi akainua mabega. "Asiye wa hapa ni wa bara."

"Mama, nilipofika gatini niliuliza watu kama wanamjua bibi wa jina hili aliyehamia mjini. Wote walikataa."

"Wangekubalije? Hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Bi Mvua. Mimi mwenyewe nimekuwa mkubwa ndipo nikajua ana jina jingine, na kwamba ni hili langu."

"Bi Mvua kwa nini?"

"Si alikuwa wa kituo cha hali ya hewa, kule mlimani. Asubuhi anakwenda kwenye kile kidumu kilichosimama uani, anamimina mvua ya usiku, anapima, halafu anaingia ndani anawaambia bara kwa redio. Mvua iwepo, isiwepo. Siku isiyonyesha anawaambia hakuna. Sisi watoto tulikuwa tunamfuata kama vifaranga kuona mvua imefika ngapi."

Sajini aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa ile glasi ndefu, akaiweka juu ya sare za shule.

Fundi hakuishika mara moja. Alipangusa vidole kwenye kanga yake kwanza, vilikuwa na chaki. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza hadi mistari ikawa sawa na jicho lake, kama mtu aliyefundishwa.

"Alikuwa anatupa zamu ya kusoma," alisema. "Ukikosea, hakukaripii. Anakwambia soma tena, mvua haina haraka." Akaishusha. "Ilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda chake. Mtaa wa nyuma ya stendi, chumba cha uani."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Siku zote?"

"Siku zote, mama."

Cherehani ilikuwa na uzi mwekundu uliobaki unaning'inia. Fundi aliukata, ingawa haukuhitaji kukatwa.

"Walileta mtambo unaojipimia wenyewe," alisema. "Wakamwambia afunge ofisi. Tulimsindikiza gatini, kisiwa kizima, akatupungia mpaka akawa kama kijiti. Hakuna aliyemuuliza anakwenda kwa nani. Tulidhani ana kwao."

"Yeye aliwaambia majirani ana watoto wengi visiwani. Daktari anasema hakuzaa."

"Hakuzaa."

"Basi watoto gani?"

Fundi aliinuka. Alivuta droo ya nyuzi, akazitoa zote mezani, na chini kabisa akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ndani yake palikuwa na kipande cha mshumaa, kimegeuka manjano, kimevunjika upande mmoja.

Sajini alilitoa kopo mkobani, akalifungua taratibu.

Fundi akaanza kueleza, na alieleza akitazama kopo. Kisiwa kidogo, watu wote damu moja. Mtu akitaka kuoa, lazima kwanza wazee wahesabu: huyu ni binamu, huyu ni mjukuu wa shangazi, huyu hafai. Kanisa nalo likaongeza lake, kwamba msimamizi wa ubatizo hawezi kumwoa aliyemsimamia. Wazee wakaona wakianza kusimamiana wenyewe kwa wenyewe, vijana watakosa kabisa wa kuoana. Wakamwomba padri mtu wa nje. Manesi walikuja na kuhamishwa. Walimu walikuja na kuhamishwa. Bi Mvua alikuja, akabaki.

"Kwa hiyo akawasimamia wangapi?"

"Wote. Miaka yote aliyokaa, kila mtoto." Fundi akagusa vipande kwa ncha ya kidole. "Na padri alikuwa mchoyo wa mishumaa kama alivyokuwa wa kila kitu. Sanduku moja la visiwa vyote. Akibatiza, anauvunja mshumaa katikati: nusu ya mtoto, nusu ya msimamizi. Mama zetu walituwekea. Sikujua kama na yeye aliweka."

Alichukua kipande kimoja kutoka kopo, akakiweka mdomo kwa mdomo na chake. Hakikukaa. Akajaribu kingine, na kingine. Sajini alinyoosha mkono kumsaidia.

"Usivichanganye," fundi alisema kwa ukali mdogo. "Vina wenyewe."

Cha tano au cha sita, hakuna aliyehesabu, kiliingia kama jino kwenye fizi. Fundi akavishika viwili kwa kidole na gumba, mshumaa mmoja mzima, mfupa mmoja ulioungwa. Akakaa kwenye kiti cha mteja, kwa sababu Sajini alishakiacha.

"Wewe uliyekuja kunizika," alisema, sauti yake imebadilika, "hebu nieleze vizuri. Kesho asubuhi wanampeleka wapi?"

*

Katibu aliwakuta mlangoni pa ofisi wakihema.

"Kile cha pili," Sajini alisema. "Katikati."

Alifungua ukurasa ule wa asubuhi, akaweka kidole kwenye safu ya msimamizi, ambayo aliipita haraka. Vistari viwili. Juu yake vistari viwili. Akarudisha ukurasa: vistari viwili, juu hadi chini, kama matone yanayoshuka kwenye kioo. Akarudisha mwingine, na mwingine, hadi mahali ambapo mkono wa padri mpya ulianza kuandika, na hapo, mara moja tu, kwa wino uliojaa, lilikuwepo jina lile adimu kwenye safu ya msimamizi.

Kisha akageuza kwenda mbele. Vistari vilivuka kitabu, vikaingia kitabu kilichofuata.

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Wote hawa?"

"Wenye alama ya msalaba pembeni wamekufa. Waliobaki wako hapa au wako bara. Nisomee waliobaki, mzee."

Katibu alianza kusoma, na fundi alijibu kila jina: huyu yuko pale chini, huyu ni mwalimu mkuu, huyu kahamia kisiwa cha pili, huyu ni mlevi lakini atakuja. Katikati ya ukurasa katibu akasita.

"Huyu si nahodha? Wa hii boti iliyoko gatini?"

"Ndiye," fundi alisema. "Alizaliwa na kichwa kikubwa, Bi Mvua alilalamika mkono unamuuma kwa kumpakata."

Sajini alikuwa ameshasimama, lakini hakuondoka. Uso wake ulikuwa na lile swali la mwisho ambalo mtu wa fomu hawezi kulikwepa. "Mochwari hawatoi maiti kwa mtu tu. Ni lazima ndugu. Nikisema mtoto wa ubatizo, mkuu wangu ataniuliza hiyo ni damu gani."

Hapo ndipo katibu, aliyekuwa mgeni kisiwani kuliko yeyote, alipojinyoosha.

"Mkuu wako ameoa?"

"Ameoa."

"Angeruhusiwa kumwoa dada yake?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ndugu."

"Basi. Kwa kanuni iliyokuwepo siku zile, hakuna hata mwanamume mmoja kati ya hawa aliyeruhusiwa kumwoa marehemu. Kanisa likikukataza kumwoa mtu, limeshakwambia ni nani yako. Nitaliandika hilo, nitalipiga mhuri, na mkuu wako akibisha, mwambie aje. Nina kiti kimoja kinamngoja."

Aliandika. Akapiga mhuri uleule wa kwenye kopo, mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukukolea. Kisha akatoka nje, akasimama chini ya kengele na kamba mkononi.

"Si saa yake," alisema. "Nikipiga saa hizi ni msiba. Watakuja wakiuliza ni nani. Nitawajibu nini, na mimi sikumjua?"

"Wewe piga," fundi alisema. "Mlangoni nitasimama mimi."

Kengele ililia juu ya paa za bati. Cherehani, nyundo na redio zilinyamaza, nyumba baada ya nyumba. Walianza kutoka: mwanamume mwenye rangi mikononi, mwanamke aliyeshika kisu cha jikoni bila kujua amekishika, mwalimu mkuu na chaki kwenye kola. Fundi alimwambia kila mmoja neno moja sikioni. Kila mmoja alisimama kidogo, kisha akageuka kurudi kwake, na Sajini alidhani anakwenda kulala na huzuni yake. Lakini walirudi. Walirudi na mifuko ya safari, na mikononi, ndani ya leso, ndani ya bahasha, ndani ya kiberiti kikubwa kilichofungwa mpira, walibeba nusu za mishumaa.

Yule anayeitwa mlevi alikuja mikono mitupu. Chake, alisema, alikiwasha usiku mama yake alipofariki. Alisema akitazama viatu vyake. Fundi alimtafutia nafasi kwenye mstari ulioanza kushuka gatini, mbele yake.

Gatini nahodha alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa ametoa kofia, na kichwa kilikuwa kikubwa kweli. Mabaharia walikuwa wanashusha tena mizigo waliyokwisha kupakia.

"Pandeni wote," nahodha alisema. "Mzigo utasubiri."

Simu ilishika mtandao kwenye ngazi za kanisa tu. Sajini alipanda hadi ngazi ya juu, akampigia mhudumu wa mochwari. Alikuwa mtu mpole, aliyekifagia chumba chake cha kuagia kila asubuhi hata kwa wale ambao hakuna aliyewaaga.

"Sajini wangu," mhudumu alisema. "Manispaa wamepiga simu. Nimewaambia gari lianze kwingine, lakini zaidi ya kesho saa mbili siwezi kuwazuia. Vipi, amepatikana ndugu?"

"Wamepatikana."

"Afadhali. Wangapi? Chumba changu unakijua, wakiingia sita wanakanyagana."

Sajini alitazama chini. Mstari ulitoka gatini, ukapita pampu ya maji, ukapinda kwenye nyumba ya bati la kijani, na mwisho wake hauonekani. Katibu alikuwa ameingia katikati yao bila kualikwa, na mwanamke mmoja alikuwa anamshikia mkoba huku akimuuliza jina lake.

"Tafuta turubai," alisema.

"Turubai? La huyu bibi?"

"La huyu bibi. Na viti."